Neno la Siku Lahitaji Siku Nzima

Saa kumi na moja alfajiri, kabla daladala la kwanza halijatoka kituoni, simu za Wakristo wengi wa Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na Bukavu huwa zimeshaanza kulia. Mstari wa Biblia umeingia kwenye kundi la jumuiya, umeandikwa juu ya picha ya maua au ya jua linalochomoza. Amina ya kwanza inafuata, ya pili inaifuata, na baada yake msururu wa alama za mikono iliyokunjwa kwa sala. Dakika chache baadaye kundi limehamia kwenye taarifa ya msiba, michango ya harusi na tangazo la kikao cha kamati. Ikifika saa nne asubuhi, mtu akimuuliza mmoja wa waliojibu Amina mstari ulikuwa upi, itambidi afungue simu kwanza.

Kutuma mstari ni jambo jema. Aliyeutuma aliamka mapema, akawakumbuka wenzake, akataka waianze siku wakiwa na kitu cha kushika. Kinachokosekana ni kile kinachopaswa kufuata: mstari ukae. Makanisa ya Afrika Mashariki yamefanikiwa sana katika kulieneza Neno. Kazi iliyobaki nyuma ni ya kukaa nalo, kulirudia na kulihifadhi moyoni mpaka liwe na sauti katika maamuzi ya jikoni, sokoni na ofisini. Kazi hiyo haidai vifaa vipya. Inadai mazoea ambayo makanisa haya haya yaliwahi kuwa nayo, na baadhi yangali nayo hadi leo.

Desturi yenyewe ya neno la siku ina tarehe ya kuzaliwa. Jioni ya Mei 3, 1728, katika kijiji cha Herrnhut, mashariki mwa Ujerumani, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf aliwapa Wamoravian waliokuwa wamekimbilia kwenye ardhi yake neno moja fupi la kuwa nalo siku iliyofuata. Tangu hapo, kila siku neno lilipelekwa nyumba kwa nyumba, na nyumba za kijiji zilikuwa 32. Aliyelibeba hakulitupa mlangoni akaenda zake. Aliingia, akaketi, akazungumza na wenyeji juu ya neno lile na juu ya hali zao. Mwaka 1731 lilitoka toleo la kwanza lililochapwa, lenye neno la kila siku ya mwaka mzima. Kitabu hicho, ambacho Wajerumani hukiita Losungen, kinaendelea kutolewa mpaka leo, tena kwa lugha zaidi ya 50.

Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe, karibu na Tukuyu, mwaka 1891. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwa hiyo Mkristo wa Tukuyu au wa Sikonge anayewatumia wenzake mstari kila asubuhi anaendeleza jambo ambalo lina ukoo mrefu nyumbani kwake. Tofauti iko kwenye kile kiti alichokalia mjumbe wa Herrnhut. Neno lilipewa mazungumzo, na mazungumzo yakalipa neno nafasi ya kugusa ugonjwa, deni au ugomvi uliokuwa ndani ya nyumba ile. Simu imechukua sehemu ya kwanza ya desturi hiyo, ile ya kufikisha, na kuiacha ya pili, ambayo ndiyo iliyokuwa na kazi kubwa.

Namna mstari uliokaa na mtu unavyoweza kumwongoza ilionekana katika maisha ya Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani. Kuanzia mwaka 1935 aliongoza seminari ndogo huko Finkenwalde, iliyowaandaa wachungaji wa lile kundi la Wakristo waliokataa kanisa liwe chombo cha Hitler. Kila asubuhi wanafunzi wake walikaa kimya kwa nusu saa juu ya kifungu cha Maandiko, na kifungu kilikuwa kilekile kwa juma zima. Vitabu vya ufafanuzi viliwekwa kando. Kuandaa mahubiri kulikatazwa. Baadhi ya vijana walilalamika kwamba hawajui waifanyie nini nusu saa hiyo. Bonhoeffer hakulegeza, na hata baada ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, kuifunga seminari mwaka 1937, aliendelea kuwatumia barua zenye vifungu vya kutafakari popote walipokuwa.

Juni 1939 marafiki zake walimpatia nafasi ya usalama New York. Hakutulia. Aliendelea kusoma neno la kila siku katika kile kitabu cha Wamoravian, na kila siku moyo wake ulizidi kuvutwa nyumbani. Mwishoni mwa mwezi huo alisoma ombi la Paulo mfungwa kwa Timotheo, kwamba ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi, akaandika katika shajara yake jinsi lilivyomwandama. Julai alikuwa melini akirudi Ujerumani. Aprili 9, 1945, alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg, majuma machache kabla vita havijaisha.

Bonhoeffer alijua vizuri kwamba Paulo hakuwa akimwandikia yeye. Hata hivyo aliyejichukulia neno lile alikuwa mtu aliyekwisha kuzoea kukaa na Maandiko miaka mingi, anayejua barua ile inaanzia wapi na inaishia wapi, na neno lenyewe lilimpeleka mahali pa hatari ambapo asingependa kwenda. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kuchuma mstari unaopendeza na kuubandika kwenye matakwa ambayo mtu alikuwa nayo tangu jana.

Mfano ulio karibu ni Yeremia 29:11. Huenda hakuna mstari wa Agano la Kale unaopendwa kuliko huo katika miji ya Afrika Mashariki. Uko kwenye kadi za mahafali, kwenye kalenda za ukutani, kwenye fulana za vijana na nyuma ya bajaji. Unahusu mawazo mema ya Mungu kwa watu wake, na tumaini la siku zijazo. Anayeusoma peke yake huondoka na hakika kwamba mambo yake yatanyooka, na mara nyingi huongeza mwenyewe neno ambalo mstari haukulitaja: hivi karibuni.

Sura ya 29 ni barua. Yeremia aliiandika kutoka Yerusalemu kwenda kwa Wayahudi waliohamishiwa Babeli na mfalme Nebukadneza. Katika sura iliyotangulia, mtu mmoja aitwaye Hanania alikuwa amesimama hekaluni, mbele ya makuhani na umati, akatabiri kwamba nira ya Babeli ingevunjwa ndani ya miaka miwili. Lilikuwa neno tamu, na kila mwenye ndugu uhamishoni alitamani liwe kweli. Yeremia alipinga. Barua yake iliwaagiza wale wahamishwa wajenge nyumba na kukaa ndani yake, walime bustani, waoe na kuoza watoto wao, tena wautakie mema na kuuombea mji ule ule uliowateka. Mstari wa 10 unataja muda wa kungoja: miaka 70. Ndipo unakuja ule wa 11.

Kwa hesabu hiyo, watu wazima wengi walioisikia barua ikisomwa Babeli hawangeiona siku ya kurudi. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya taifa na ya vizazi, na ilifungamana na kazi ya mikono ya kila siku katika nchi ya ugenini. Kijana aliyemaliza chuo na kuzunguka na bahasha ya vyeti kwa miaka mitatu anauhitaji mstari wa 11, na hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya. Lakini anaihitaji zaidi barua nzima. Mstari ulio peke yake humwachia kungoja, na kungoja kukirefuka, humwachia shaka juu ya imani yake. Barua nzima humwambia kwamba Mungu anaweza kuwa na mtu katika miaka ambayo hakuna kinachoonekana kubadilika, na kwamba katika miaka hiyo kuna bustani ya kulima na jirani wa kumwombea. Huo ni msaada mkubwa kuliko kadi ya mahafali.

Wanaohofu kwamba kusoma kwa namna hii ni kazi ya wasomi wa teolojia wajaribu wenyewe. Sura nzima ya 29 ina mistari 32. Yeyote anayeweza kusoma gazeti anaweza kuimaliza kabla chai haijapoa.

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri zaidi kwa kukumbuka jinsi Maandiko yalivyolifikia eneo hili. Juni 1844, akiwa Mombasa, mmisionari Johann Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji huo. Mwezi uliofuata homa ilimuua mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga wa kike. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Mke na mtoto walizikwa upande wa bara, mahali panapojulikana leo kama Nyali, na mume akarudi kwenye meza yake ya kazi. Huko Zanzibar, Askofu Edward Steere alijifunza lugha kwa wenyeji wa Unguja, akatafsiri na kuchapa kidogo kidogo hadi kifo chake mwaka 1882. Biblia nzima ya Kiswahili ilipatikana mwaka 1891. Ile ambayo Waprotestanti wengi wameikariri, yaani Union Version, ilitoka mwaka 1952, baada ya watu wa lahaja ya Kiunguja na wa lahaja ya Kimvita kukubaliana kutumia Kiswahili kimoja sanifu.

Mzigo wa wasomaji wa kwanza haukuwa mwepesi kuliko wa watafsiri. Katika Buganda, mmisionari Alexander Mackay alianza kufundisha mwaka 1878 akitumia sehemu za Maandiko za Kiswahili, kwa kuwa baadhi ya watu wa ikulu ya Kabaka Mutesa walikijua. Waliomfuata waliitwa wasomaji tu, kwa sababu hicho ndicho walichoonekana wakifanya. Januari 1885, chini ya Kabaka Mwanga, vijana watatu miongoni mwao waliuawa. Juni 3, 1886, wengine wengi, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo. Waliosalia walisoma usiku, kwa siri, katika nyumba za marafiki. Biblia nzima ya Kiganda ilipokamilika mwaka 1896, mchwa wakawa adui mwingine, na toleo moja fupi na nene lilichapwa kwa kipimo cha kuingia ndani ya kopo la biskuti ili mchwa wasilifikie.

Leo hakuna kopo linalohitajika. Programu ya YouVersion, iliyoanza mwaka 2008, imeziweka Biblia za Kiswahili bure kwenye simu, na kufikia mwaka 2021 ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 500 duniani kote. Wasioona vizuri na wasiojua kusoma wanaweza kusikiliza. Ni neema ambayo Krapf asingeweza kuiwazia. Ila wasomaji wa Buganda walikuwa na kitu kimoja ambacho simu haiwezi kukitoa: kwa kuwa kitabu kilikuwa adimu na cha hatari, walichokisoma walikibeba kichwani. Askari wa Mwanga waliweza kuichukua Injili mkononi mwa mtu. Aliyoyakariri yalibaki naye.

Kukariri kumekuwa na jina baya tangu shule zilipoanza kukulaumu kama adui wa kufikiri. Katika mambo ya imani lawama hiyo haina msingi. Zaburi ya 119, iliyo ndefu kuliko zote, ina mistari 176 iliyogawanywa katika mafungu 22 ya mistari minane minane, kila fungu likianza na herufi yake katika mpangilio wa alfabeti ya Kiebrania. Mtunzi aliipanga hivyo, herufi kwa herufi, na mpango wa namna hiyo humsaidia sana anayetaka kuishika kichwani. Ni zaburi inayohusu kulipenda Neno kutoka mwanzo hadi mwisho, na muundo wake unaonyesha mtu aliyekaa na jambo moja kwa muda mrefu bila kuchoka.

Watoto wa Pwani wanaokulia jirani na chuo cha Qurani wanajua kukariri kunafanana na nini. Wanawasikia rafiki zao wakirudia sura fupi za Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qurani, mmoja mmoja mbele ya mwalimu, mpaka ulimi uzoee. Kila Ramadhani Dar es Salaam huwa na mashindano ya kuhifadhi Qurani, na wazazi wa Kiislamu hujivunia mtoto aliyehifadhi kuliko aliyenunuliwa msahafu mzuri. Wakristo wana urithi wao wa namna hiyo. Wanafunzi wa kipaimara wa Kilutheri wameikariri Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, iliyotolewa mwaka 1529, kwa vizazi kadhaa katika Kilimanjaro, Usambara na Bukoba. Waadventista Wasabato wana Kesha la Asubuhi kwa kila siku na fungu la kukariri katika lesoni ya kila juma, na Sabato ikifika fungu hilo hudaiwa, kwa watoto hata kwa wazee. Katika sharika nyingi nyingine, mtindo huo umeachiwa watoto wa shule ya Jumapili, kana kwamba mtu akishakua hana tena haja ya kuhifadhi kitu.

Hoja iliyo nzito dhidi ya yote haya ni kwamba kujua mistari hakumfanyi mtu kuwa mwema. Ni kweli, na Biblia yenyewe imelisema hilo waziwazi. Katika Mathayo 4 mjaribu ndiye anayenukuu Zaburi ya 91, akiigeuza ahadi ya ulinzi kuwa kisingizio cha kujirusha kutoka juu ya hekalu. Kila mji una mhasibu anayeijua Biblia na kughushi stakabadhi, na kila ukoo una baba anayeomba kwa maandiko mazuri na kuipiga familia yake.

Lakini sura hiyo hiyo ya Mathayo inatoa jibu. Yesu, akiwa na njaa, jangwani, bila gombo mkononi, anajibu mara tatu, na majibu yote matatu yanatoka katika eneo moja dogo la Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Zote mbili zinawahusu watu waliopitishwa jangwani. Hakuokota mistari mitatu kutoka pande tatu. Alikuwa ameketi katika sehemu moja ya Maandiko iliyoendana na hali yake, akaijua hadi kilindini. Dawa ya kunukuu vibaya ni kukaa zaidi na maandishi, katika sura zake, mbele ya watu wanaoweza kumuuliza mtu kama anayaishi.

Hapo ndipo jumuiya inapohitajika. Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, wakikutana Nairobi, waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo ndizo zitakazokuwa msingi wa maisha ya Kanisa katika eneo hili. Jumuiya nyingi zimetumia njia ya Hatua Saba, iliyoandaliwa katika Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Wanajumuiya humkaribisha Bwana, husoma Injili, kisha kila mmoja hutaja kwa sauti neno au fungu dogo lililomgusa, akilirudia polepole. Hufuata kimya. Ndipo watu huelezana walichosikia, hujadili kazi wanayotumwa kuifanya mtaani, na kumaliza kwa sala. Ni mpango uliofikiriwa kwa makini, kwa kuwa unamlazimisha mwalimu mstaafu na muuza mkaa wakae sawa mbele ya maneno yale yale.

Hatua mbili katika hizo saba ndizo zinazorukwa kwa urahisi: kimya, na kazi. Kimya huonekana kama kupoteza muda, hasa giza likiwa limeshaingia na mtoto ana njaa. Kazi huondolewa na michango, ambayo huja na daftari lake na kujaza nafasi yote iliyobaki. Michango ina umuhimu wake. Wafiwa na wagonjwa wameponea hapo. Ila jumuiya iliyosoma habari za Msamaria mwema na ikaondoka bila kutaja jina hata moja la mtu wa mtaa ule anayehitaji kuokotwa njiani imeisoma Injili nusu.

Historia ya eneo hili inaonyesha watu wachache wanaosoma kwa bidii wanaweza kufika wapi. Septemba 1929, daktari mmoja Mwingereza aliyechoshwa na njaa na magonjwa ya Rwanda, Joe Church, alifika Kampala na kukutana na Mganda Simeoni Nsibambi katika kilima cha Namirembe. Walikaa pamoja siku mbili wakifuatilia ndani ya Biblia mafundisho kuhusu Roho Mtakatifu, andiko kwa andiko. Uamsho ulioenea baadaye kutoka Gahini, Rwanda, hadi Uganda, Burundi, Kenya na magharibi mwa Tanganyika una mizizi yake katika siku hizo mbili. Uliwafanya watu warudishe ng'ombe walioiba, walipe madeni ya zamani na kuungama hadharani. Mzungu na Mwafrika, wakati wa ukoloni, waliketi meza moja kama ndugu na kusahihishana. Kusoma kule kulikuwa na matokeo ambayo jirani asiye Mkristo aliweza kuyaona na kuyahesabu.

Kizuizi cha kukaa na Neno kinachotajwa mara nyingi kuliko vyote ni muda. Mama ntilie anayeamka saa kumi usiku kuwasha moto hana nusu saa ya Finkenwalde. Dereva wa bodaboda hana chumba cha faragha. Muuguzi wa zamu ya usiku hurudi nyumbani akiwa hana nguvu za kufungua kitabu. Makanisa yanapohimiza tafakari kwa lugha ya watu wenye vyumba na mapumziko, yanawaambia watu hawa kwamba jambo hili si lao.

Kumbukumbu la Torati 6 haikuandikiwa watu wenye vyumba vya kusomea. Inataja nyakati nne za kuyazungumza maneno ya Mungu: mtu aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Hizo ni nyakati ambazo kila mtu anazo, mama ntilie akiwa wa kwanza. Wakati maharage yanachemka mikono yake iko huru na akili yake haina mwajiri. Dereva wa bodaboda hukaa kijiweni saa nzima akingoja abiria. Kinachohitajika ni kwamba neno liwe limeshaingia kichwani kabla kazi haijaanza, likiwa fupi, likiwa limeeleweka, na likiwa ni lile lile la jana. Luka anaandika mara mbili katika sura yake ya pili kwamba Mariamu aliyaweka mambo aliyoyaona na kuyasikia moyoni mwake. Mara ya kwanza ametoka kujifungua katika mji usio wake. Mara ya pili amerudi kutoka safari ndefu ya kumtafuta mtoto aliyepotea. Alikuwa mwanamke wa kazi, na tafakari yake ilifanyika humo humo kazini.

Kwa hiyo hatua za kuanzia ziko ndani ya uwezo wa usharika au parokia yoyote. Msimamizi wa kundi la simu anaweza kutuma mstari mmoja kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, pamoja na ile iliyo kabla na baada yake, na jioni akauliza swali moja: leo umekutana nao wapi? Mchungaji au padri anaweza kutangaza Jumapili hii kifungu cha Jumapili ijayo, ili waumini waje wakiwa wameshaishi nacho siku sita. Jumuiya inaweza kuchagua barua fupi na kuisoma yote kwa sauti kila inapokutana, mwezi mzima. Barua kwa Wafilipi ina sura nne na mistari 104, na msomaji asiye na haraka huimaliza kwa robo saa hivi. Watu wakiisikia mara nne, ule mstari maarufu wa sura ya nne kuhusu kuyaweza mambo yote utarudi mahali pake: kwa mfungwa aliyejifunza kushiba na kuona njaa bila kupoteza furaha.

Wasomaji wa ibada wapewe somo mapema, Jumatano ikiwezekana, walisome nyumbani mara kadhaa. Somo linalosomwa kwa kukwama kwama, na mtu aliyelikuta pale pale mimbarini, halisikiki, na kwa muumini asiyejua kusoma dakika hizo tatu huenda zikawa ndizo pekee za Maandiko katika juma lake. Matangazo yanaweza kufupishwa ili dakika hizo ziwe tano.

Jambo moja halifai kungoja bajeti ya mwaka ujao. Katika vijiji vya Mbinga, Bukoba, Taita na Rungwe wako mabibi na mababu waliokariri zaburi na katekisimu walipokuwa watoto, miaka ya 1940 na 1950, wakati darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja. Wengi hawaoni tena vizuri, lakini wanazisema zaburi hizo bila kitabu, wakifua, wakipalilia, wakiuguza. Wanajua pia kila moja iliwasaidia lini: mwaka wa njaa, usiku wa kufiwa, siku ya kumsamehe ndugu aliyekula shamba. Maarifa hayo hayamo kwenye programu yoyote, na kila mwaka yanazikwa na wenyewe. Kila usharika una watoto wa shule ya Jumapili na vijana wa kipaimara wanaoweza kuketishwa na wazee hao saa moja kwa juma, wakajifunza zaburi kutoka mdomoni mwao pamoja na habari ya mahali ilipotumika. Darasa la namna hiyo halihitaji jengo wala mfadhili. Linahitaji mchungaji au katekista atakayewaita wazee hao kwa majina Jumapili ijayo, awapangie siku na saa, na awatafutie usafiri wale wasioweza kutembea.